Koti la Baba Mdogo

Juzi niliingia duka la mbegu hapa Homa Bay, nikitaka mahindi ya kupanda kwenye kiplot changu kilicho nyuma ya nyumba. Mwenye duka akachana mfuko anionyeshe jinsi mbegu zilivyopakwa dawa, zile za rangi ya waridi, na harufu yake ikanipata kabla sijajiandaa. Wewe uliyekulia huku kwetu unaijua harufu hiyo, kali halafu tamu kidogo, na ukishaishika mbegu hainawiki mkononi hata kwa sabuni. Nikashika kaunta. "Madam, uko sawa?" akaniuliza. Nikamwambia ni jua. Ningeanzia wapi kumweleza mtu nisiyemjua kwamba mimi, mama mzima mwenye watoto wangu, naogopa mbegu za mahindi?

Hofu hiyo niliipatia katika boma la babu yangu, upande wa Migori, si mbali na machimbo ya Osiri. Baba alikuwa mchimba dhahabu. Aliingia mashimoni akiwa na mwili wake, mtu wa kunibeba begani na kukimbia nami, kisha akaanza kukohoa. Akakohoa, akakonda, akakonda, hata shati lake la kazini likawa linamning'inia. Mama alisema ni vumbi la mawe lililojaa kifuani. Watu wa boma hawakumbishia mbele yake, lakini akigeuka walilitaja neno lingine kwa sauti ya chini, na hilo ndilo nililolishika mimi. Chira.

Kwa wasiotoka kwetu niseme tu kwamba chira ni laana inayompata mtu akivunja mwiko, na kazi yake ya kwanza ni kumkondesha. Mimi sikuelewa kuwa ni laana. Nilidhani ni kiumbe fulani chenye macho kinachokaa kwenye ua wa mikatani uliozunguka boma, kinachagua mtu na kumla kidogo kidogo kwa ndani. Nilikuwa nimemwona Baba akiliwa. Sasa amekwisha, amezikwa pembeni mwa nyumba yetu, na tumebaki Mama, mimi, na kaka yangu mdogo Ezra ambaye alikuwa bado ananyonya. Nikiwa naenda msalani nilikuwa naupita ule ua mbio.

Mvua za kupanda zikaja kabla kaburi halijaota majani. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Katika boma la Wajaluo, mbegu haziingii ardhini ovyo ovyo. Dani, yaani bibi yetu mzaa baba, ndiye wa kwanza. Akishapanda yeye anafuata mke wa mtoto wake wa kwanza, kisha mke wa anayefuata. Hakuna kumruka mtu. Mama yangu alikuwa mke wa mtoto wa kwanza, na alikuwa mjane ambaye hajarithiwa, yaani hajachukuliwa na ndugu wa mumewe, na mjane ambaye hajarithiwa hagusi mbegu. Kwa hiyo Dani alipanda kishamba chake, akanyoosha mgongo, akatutazama. Kila kitu kikasimama hapo. Mama mdogo, mke wa mdogo wake Baba, alikuwa na shamba limelimwa kwa ng'ombe mara mbili, udongo laini kabisa, mbegu ziko ndani ya debe, na hawezi kutia hata moja kwa sababu Mama hajatia.

Na Mama alikuwa Msabato. Si Msabato wa kuvaa nguo nzuri Jumamosi, la. Alizaliwa kisiwani Takawiri katika nyumba ambayo Ijumaa jua likienda kuzama nyavu zinaanikwa na moto wa jikoni unazimwa, hata kama ziwa limejaa samaki. Ndiyo maana watu wa boma walimwita Nyar Takawiri, binti wa Takawiri, na wakati mwingine walilitamka jina hilo kana kwamba ni ugonjwa.

Walimwita nyumbani kwa Dani, nami nikaingia nimemshika sketi. Baba mdogo aliongea kwanza. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya, na ningekuwa mwongo nikisema hivyo. Ndiye aliyechimba kaburi la Baba kwa mikono yake na kulia ndani ya shimo.

"Nyar Takawiri," akasema, "tunajua wewe ni mtu wa kanisa. Hakuna anayekuambia ukae na mwanamume. Siku hizi watu wameelimika. Tumeongea na wazee, wamekubali koti. Koti langu lilale kwako usiku mmoja tu, nyuma ya mlango. Asubuhi nalichukua, unatia mbegu, tunaendelea na maisha."

"Koti tu!" Mama mdogo akadakia. "Mimi ndiye mwenye mume, na sina wivu na koti. Kwani koti lina mikono?"

Watu wakacheka kidogo, na mimi nikacheka pia. Mama hakucheka.

"Koti likilala kwangu," akasema, "kesho watoto wangu wakiwa wazima mtasema nani amewalinda?"

Akajijibu mwenyewe.

"Mtasema koti. Na mimi nitajua nimewadanganya, na nimemdanganya Mungu niliyemwambia kwamba watoto hawa ni wake. Mnisamehe. Siwezi."

"Unawaombea watoto kifo!" Dani akapaza sauti. Dani alimpenda Mama, hilo nalijua. Alikuwa anaogopa, basi. Yeye mwenyewe alirithiwa babu alipokufa, na aliwahi kuniambia kwamba hakulala usingizi mpaka siku ile ilipopita.

Koti likabaki kwa Dani, limetundikwa kwenye kiti cha mbao, likimsubiri Mama abadili nia. Lilikuwa koti la suti la kahawia, lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Na mvua ikaendelea kunyesha.

Ninyi mnaolima mnajua mvua inavyomtesa mtu ambaye hajapanda. Kila tone lilikuwa kama anatukanwa. Ng'ambo ya barabara mahindi ya majirani yakachomoza, yakawa majani mawili, yakawa manne. Kwetu udongo mwekundu mtupu, magugu ndiyo yanashangilia. Mama mdogo akaacha kumsalimia Mama. Akipita na debe la maji anakohoa, kikohozi cha kusema mimi nipo na njaa inakuja. Binti zake wakakatazwa kucheza nami. Mama akamwendea mzee wa kanisa ili apate mtu wa kumtia nguvu, na mzee akakuna kichwa akasema, "Dada, mimi nakuelewa. Lakini koti si dhambi, koti ni nguo. Angalia amani ya boma." Tulirudi nyumbani, Mama mbele. Njiani alisimama mara moja, akapangusa uso kwa leso, tukaendelea.

Haki ya Mungu, mimi nilimwona Mama mkaidi. Niseme tu ilivyokuwa. Nilikuwa mtoto wa kutumwa dukani, sijui kurithiwa ni nini, sijui mwanamume na mwanamke wanahusiana vipi na mahindi. Nilichosikia ni koti. Kumbe shida yote hii, kiumbe cha kwenye mikatani, kikohozi cha Mama mdogo, machozi ya Dani, dawa yake ni nguo moja kutundikwa kwenye msumari! Nilimtazama Ezra akijaribu kusimama kwa kushika mguu wa meza, mapaja yake manene yakitetemeka, nikawa nayapima kwa macho kila asubuhi nione kama yamepungua. Siku moja nilidhani yamepungua. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Ijumaa Mama alikuwa na mambo mengi, kwa maana chakula cha Sabato kinapikwa siku hiyo na nguo zote zinafuliwa. Alipokwenda mtoni nilikwenda kwa Dani. Dani alikuwa nyuma anaanua omena. Nikalichukua koti kitini, nikalikunja kifuani, nikavuka uwanja mchana kweupe, na hakuna aliyeniona kwa sababu hakuna anayemtazama mtoto aliyebeba nguo. Lilikuwa zito na linanuka tumbaku. Nyuma ya mlango wetu kulikuwa na msumari wa kutundika leso za Mama. Nikalitundika, nikalifunika kwa leso mbili. Moyo ulikuwa unanidunda lakini kwa furaha. Nilijiona nimemfungia yule kiumbe mlango.

Jioni Mama alifagia nyumba, akatuogesha, akaimba nyimbo zake za kufungua Sabato, na koti liko pale pale nyuma ya mlango. Alipiga magoti akaomba, mgongo wake umeelekea koti. Mimi nilifumba jicho moja tu. Sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule.

Asubuhi tukaenda kanisani. Nyuma yetu, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, Dani alikiona kiti kitupu. Akamwita Mama mdogo. Wakawaza, ah, Nyar Takawiri amelichukua mwenyewe kimyakimya, ameona aibu kusema. Mama mdogo akaja kwetu, akafungua kamba ya mlango, akafunua leso. Alipiga kigelegele kilichosikika hadi barabarani.

Tulipokuwa tunarudi mchana, Mama akiwa na gauni lake jeupe, Ezra mgongoni, Biblia ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, tulikuta boma zima limesimama kando ya shamba letu. Wana majembe. Wana debe la mbegu limefunguliwa, na ile harufu ya dawa imejaa hewani. Mama mdogo, ambaye hakuwa amemsalimia Mama tangu mvua zianze, akaja mbio akamkumbatia pamoja na Ezra.

"Umetuokoa, dada yangu! Nilikuwa nimekuchukia, nisamehe. Sasa tia moja tu. Tia moja, sisi tumalizie."

"Leo ni Sabato," Mama akasema, akicheka nusu, akidhani labda kuna utani. "Kwani kuna nini?"

"Mbegu moja si kazi," Baba mdogo akasema. Alikuwa amechukua mbegu mkononi anamnyooshea. "Mawingu yale unayaona? Hii ndiyo mvua ya mwisho ya kupandia. Koti limelala, tumeliona. Tia tu."

"Koti gani?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mama hakuuliza mara ya pili. Alizungusha macho kwa watu wote, taratibu, mpaka yakafika kwangu, na hapo hapo akajua. Sijui alisoma nini usoni mwangu. Alinitazama kidogo, akaangalia mbegu kwenye kiganja cha shemeji yake, akaangalia mawingu.

Baba mdogo naye akaelewa. Mtu mwerevu yule. Akasogea, akainama sikioni kwake, nami nilikuwa nimeshika sketi kwa hiyo nilisikia kila neno. "Nyar Takawiri, nyamaza. Nakuomba. Wewe hukuliweka, sawa, basi wewe hujakosa. Wao wameona koti, wameridhika. Mimi sitakanyaga kwako hata siku moja, naapa kwa kaburi la ndugu yangu. Nyamaza tu, watoto wetu wapate kula."

Nimelifikiria neno lile miaka mingi. Kulikuwa na mlango wazi pale, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kupita. Hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji tu kutosema kitu, kuinama mara moja, na kunyoosha mgongo. Mimi ningenyamaza. Nasema bila haya, ningenyamaza na ningemshukuru Mungu kwa kunitengenezea njia.

Mama akaingia ndani. Akatoka na koti, amelikunja vizuri kama nguo ya mtu wa heshima, akamkabidhi Baba mdogo kwa mikono miwili mbele ya wote.

"Koti hili sikulichukua mimi, na sikujua liko kwangu," akasema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Limeletwa na mtoto ambaye alikuwa anaogopa. Kwa hiyo msihesabu kwamba limelala. Leo sipandi, ni siku ya Bwana. Kesho asubuhi nitapanda shamba langu, bila koti. Anayetaka kunifuata anifuate, na anayeogopa sitamcheka."

Debe lilifunikwa. Dani alikaa chini pale pale kwenye matope, miguu ameinyoosha, kama wanavyokaa wanawake msibani. Mama mdogo akaanza kulia kwa hasira, "Yawa, huyu mwanamke atatumaliza! Atatumaliza na Mungu wake!" Baba mdogo akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja.

"Sikia basi," akasema. "Ukipanda, na kitu kikampata mtoto yeyote wa boma hili, utarudi Takawiri. Shamba utaliacha, nyumba utaiacha. Mimi mwenyewe nitakupeleka hadi kwenye boti."

"Nimesikia, shemeji," Mama akasema.

Nilingoja kiboko. Ndani ya nyumba Mama aliketi kitandani, akanivuta katikati ya magoti yake. "Adhiambo, uliogopa nini?"

"Ezra ataanza kukonda kama Baba."

Alinisogeza karibu zaidi. Halafu akaniambia, "Mimi pia naogopa." Nilishtuka kuliko ambavyo kiboko kingenishtua, maana nilidhani watu wanaoomba hawaogopi. "Tangu baba yenu aende naogopa kila siku. Lakini nikiogopa nina pa kukimbilia, na pale sitaki kwenda huku nimeshika mkono wa mwingine. Umenielewa?" Nikatikisa kichwa kukubali. Sikuwa nimeelewa hata kidogo.

Jumapili tulipanda, Mama akichimba vishimo na mimi nikitia mbegu, vidole vyangu vimekuwa vya waridi. Watu wa boma walikuja kutazama. Walisimama kwenye mpaka, na hakuna aliyetufuata. Tulipomaliza Mama aliomba pale pale shambani, akanawa, akapika. Shamba la Mama mdogo likabaki wazi kando ya letu.

Mahindi yetu yakachomoza. Na yalipochomoza, Ezra akapata joto.

Alianza asubuhi kwa kukataa kunyonya. Mama akampa dawa ya maji ya homa na kumpangusa kwa kitambaa, lakini mchana alikuwa anachoma kama sufuria, na macho yake yakawa yanapanda juu. Kisha mwili ukakakamaa, mikono ikaanza kurukaruka. Degedege. Nilipiga yowe. Mimi nilijua ni nini. Kile kiumbe kimetoka mikatani, kimemchagua, na Mama ndiye aliyekikaribisha.

Mlango ukafunguka, Mama mdogo akaingia na koti limekunjwa kwenye mkono. Hakuwa amekuja kusimanga, uso wake ulikuwa umepauka. "Dada, bado kuna nafasi," akasema. "Acha nilitundike. Sasa hivi. Hata usiseme kitu, geuka tu nyuma, mimi nitalitundika. Mtoto anakufa, Nyar Takawiri! Kwa ajili ya nini?"

"Mama, kubali!" nikalia. "Mama, kubali, tafadhali!"

Mama alikuwa amemshika Ezra mapajani, ameinamisha kichwa chake upande ili povu limtoke. Aliinua macho akalitazama koti. Alilitazama kwa muda, na sitasahau, mkono wake mmoja ulitoka kwa Ezra ukainuka hewani. Mpaka leo sijui mkono ule ulikuwa unakwenda wapi, kulipokea koti au kulisukuma. Uliinuka, ukasimama, ukarudi, ukachukua leso na kumfunika mtoto.

"Mwite mume wako," akasema. "Alete pikipiki."

Baba mdogo alikuja mbio peku. Nilidhani atasema, si nilikuambia. Alitazama tu Ezra, akapiga pikipiki teke. "Keti. Mshike vizuri. Nikikimbia usipige kelele." Wakaondoka kuelekea hospitali, matope yakiruka nyuma yao, na mimi nikabaki na Dani mlangoni kwake.

Tulingoja hapo tukitazama barabara. Dani aliomba, na alikuwa anawaita wote kwa mpigo mmoja, Yesu na babu na mama yake babu na mtu yeyote anayeweza kusikia. Majirani wakaanza kuja. Walikaa, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Mmoja akachukua ufagio akaanza kufagia uwanja wetu, polepole, kuanzia kwenye lango, na mimi nilijua uwanja unafagiliwa hivyo lini, kwa kuwa ulifagiliwa hivyo siku Baba alipoletwa. Nikamnyang'anya ufagio. Mtoto mdogo, nikamnyang'anya mtu mzima ufagio nikaukalia, na hakuna aliyenigombeza.

Jioni Baba mdogo akarudi peke yake. Watu wote wakasimama. Akazima pikipiki, akasema, "Ni malaria. Wamemwekea maji. Anapumua." Akaingia nyumbani kwake. Lile neno la Takawiri hakulirudia siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na mimi sikuwahi kujua kama alimsamehe Mama au alichoka tu.

Walikaa hospitalini siku kadhaa. Waliporudi ilikuwa asubuhi yenye jua, mahindi yetu yamenipita vifundo vya miguu. Mama alishuka kutoka kwenye pikipiki akiwa amekonda, Ezra mgongoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja pale walipochoma sindano. Mtoto alikuwa ametoa macho anatushangaa. Boma lote lilitoka. Mama mdogo alikuwa mbele, analia na kucheka.

"Yawa, Nyar Takawiri! Mungu wako ana nguvu!" akapaza sauti ili kila mtu asikie. "Ameishinda chira! Sasa nimeamini. Napanda leo hii hii, kuchelewa nichelewe. Mungu huyo atatulinda sote!"

Wanawake wakaanza kigelegele. Ilikuwa saa yake Mama ya kushinda. Mimi nilijaa kiburi, nilimtazama akifungua mdomo nikangoja aseme haleluya.

"Ngoja," Mama akasema. Kigelegele kikakatika. "Usiamini kwa sababu hiyo. Pale wodini kulikuwa na mama mwingine, anaomba kama mimi, pengine kunishinda. Mtoto wake alikufa kando yetu." Akampandisha Ezra vizuri mgongoni. "Na huyu wangu hata angekufa, ningepanda vilevile. Mwaka ujao akiugua tena na asipone, msije mkasema Mungu ameshindwa kazi, tumtafute mwingine."

Mama mdogo alibaki na mikono hewani. Dani aligeuza uso pembeni. Na mimi, mimi nilimchukia. Nilimtazama Ezra mgongoni kwake, analamba ngumi yake, na mama yake amesimama mbele ya watu anasema hata angekufa. Sasa nina watoto wangu, na wanaugua kama watoto wa watu wote, na naomba kama nilivyofundishwa. Neno lile bado sijaweza kulisema. Nimejaribu nikiwa peke yangu na mdomo umekataa.

Mama aliingia ndani, nikamfuata nimevimba. Alisimama katikati ya nyumba akijaribu kufungua fundo la leso kifuani amshushe mtoto. Likamshinda. Vidole vyake vilikuwa vinateleza, vinarudi, vinateleza tena. Akaacha. Akapiga magoti mbele yangu ili nilifikie.

"Nisaidie," akasema.

Nikalifungua. Ezra akateleza mikononi mwangu, mwepesi kuliko alivyoondoka.

"Adhiambo, nimesema vibaya?"

"Ndiyo," nikamjibu.

"Najua," akasema Mama, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Lakini ni kweli. Mlete anyonye."